Hela ya soda ni ya nani?

Nimekuwa weita miaka miwili hapa Dar, pande za Sinza, kwa hiyo hili suala la tipu siliongelei kwa kusikia. Huku kwetu sio lazima, mteja akitoa katoa, asipotoa hakuna anayemkunjia sura (sawa, tunamkunjia akishageuka), na wengi hata hawaiti tipu, ni hela ya soda au "chenji baki nayo".

Jumamosi moja wakaja watu wanane, wakapiga sato wa kukaanga na ugali na vinywaji juu, bili ikaja 187,000, wakaacha laki mbili wakasema inatosha. Elfu kumi na tatu jamani, kwa siku nilikuwa sifikishi hiyo. Narudi jikoni na sinia la mifupa namkuta mama mpishi kakalia ndoo anajipepea na kipande cha boksi, akaniuliza, "Mwanangu, samaki wamewapenda?" Nikamwambia wamewapenda mno mama, wamelamba mpaka vidole. Akacheka, akafurahi kweli kweli. Na ile hela ipo mfukoni nimeikunja mara nne, sikutoa hata mia.

Mi nilibeba sahani tu. Aliyesimama mbele ya mafuta ya moto toka saa nne asubuhi ni yeye, na vyombo vilisuguliwa na dada mwingine kabisa ambaye wale wateja hawajui hata kama yupo. Ila najua maweita wenzangu mtanijia juu, na mna haki, chumvi ikizidi anayetukanwa ni weita, mteja akitoroka na bili anayekatwa ni weita, mpishi hadaiwi kitu. Ndo maana kuna kipindi tuliweka kopo pale kaunta, kila mtu atumbukize tugawane Jumapili usiku tukishafunga. Lilidumu wiki tatu. Lilikuwa linajaa sarafu za mia na mia mbili, noti hazikuwa zinafika, na kila mtu alijua zinaishia wapi, na mimi nikiwemo.

Halafu ikaja lipa namba ndo ikaharibu kabisa. Mteja anatuma 60,000 kwa bili ya 52,000 anakwambia yako ipo humo humo, ukimfuata meneja anakujibu hiyo imeshaingia hesabu ya ofisi. Yani mteja kaondoka anajua kanipa, na mi nimeshasema asante! Uingereza hili wamelitungia sheria, toka Oktoba 2024 mwajiri haruhusiwi kubakiza tipu, hata ya kwenye kadi, na igawiwe kwa haki. Hiyo naitamani. Ya Marekani siitaki, kule sheria ya shirikisho toka 1991 inaruhusu bosi amlipe mhudumu dola 2.13 tu kwa saa, zilizobaki kufikia kima cha chini zitoke kwenye tipu, zikipungua ndo bosi ajazie, yani mteja anakula chakula na mshahara wa mtu analipa yeye.

Siku hizi nikienda kula natembea na keshi, ya weita nampa weita, na nikishiba vizuri napita dirisha la jikoni. Juzi nimempa mpishi mmoja elfu mbili mkononi, akaishika, akaniangalia, akafuta jasho.

"Kaka, kwani chakula kilikuwa na shida gani?"