Injini za Toyota 1HZ na 1HD-T sio mapacha jamani

Wenye gari za safari hapa Arusha naomba mnisikilize, hii habari kwamba Land Cruiser za 4.2 dizeli zote spea moja inaua injini za watu. Kweli 1HZ na 1HD-T ni familia moja, silinda sita, pistoni ya mm 94, mwendo wake mm 100, cc 4,164, hata ile 1PZ ya silinda tano pistoni na mwendo wake ni hivyohivyo. Ila kwenye 1HZ mafuta yanaanza kuwaka ndani ya kichumba kidogo cha kwenye silinda hedi, wakati 1HD-T ina turbo na nozeli inapuliza moja kwa moja juu ya pistoni iliyochimbwa kama bakuli, sasa hapo utabadilishana hedi au pistoni kivipi? Haiwezekani.

Land Rover nazo, injini za dizeli 200Tdi na 300Tdi zote cc 2,495 lakini spea nyingi haziingiliani.

Kabla hujalipia spea pale mtaa wa Unga Limited soma namba iliyogongwa kwenye bloku, achana na stika, na spea ya zamani nenda nayo mkononi.