Fomu ya Visanduku Sita

Fomu ilikaa mezani kwangu siku nne bila kuguswa na kalamu. Ilikuwa na visanduku sita, kimoja kwa kila kundi la masomo: lugha na fasihi, lugha ya kujifunza, jamii, sayansi, hisabati, sanaa. Chini kabisa, mstari wa saini ya mzazi. Wenzangu wengi walikuwa wamekwisha kuchagua mkondo wa kawaida. Mimi nilitaka Diploma ya International Baccalaureate, ile programu ya miaka miwili ya kabla ya chuo kikuu, iliyoanzia Geneva mwaka 1968, na fomu ilitakiwa kurudi Ijumaa.

Baba, ambaye hawezi kuona tarakimu asizijumlishe, alikisoma kijitabu cha maelezo mara mbili. Masomo sita, kila moja alama 7: 42. Nyingine 3 zatoka kwenye insha ya utafiti na somo la Nadharia ya Maarifa. Jumla 45.

“Na ukikosa hata hizi 24 za chini kabisa za kufaulu?”

“Sipewi diploma, Baba.”

Akanyamaza. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, “Kwa nini ujitwike yote haya, mwanangu, na njia nyepesi ipo?”

Sikuwa na jibu la maana. Nilianza kumweleza habari za vyuo vikuu, nikajisikia naongea maneno ya kijitabu. Nikaacha. Nikamwambia ukweli: ni ile insha. Maneno 4,000 juu ya swali unalolitunga mwenyewe. Wengine ndiyo waliyoikimbia. Mimi ndiyo iliyoninyima usingizi kwa hamu. Miaka yote ya shule maswali nilikuwa naletewa, kazi yangu kujibu. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nataka kujua nini.

“Na unataka kujua nini?”

“Kwa nini misumari miwili ya boksi moja, iliyonyeshewa mvua ileile, mmoja huliwa na kutu upesi kuliko mwenzake.”

Alinitazama kitambo. Nadhani alikuwa akiwaza misumari yake mwenyewe. Akavuta fomu, akasaini kabla sijajaza chochote.

Kujaza ndiko kulikoniuma. Masomo matatu ngazi ya juu, saa 240 kila moja. Matatu ngazi ya kawaida, saa 150. Kemia, fizikia na hisabati niliziweka juu bila kusita, kwani nilitaka uhandisi. Lakini kundi la sayansi lina kisanduku kimoja, na sayansi ya pili huingia kwa kuchukua nafasi ya sanaa. Kanuni inaruhusu. Mimi nimechora tangu nijue kushika penseli. Usiku wa Alhamisi niliandika “sanaa”, nikafuta, nikaandika “fizikia”, nikafuta, mpaka karatasi ikachubuka pale. Asubuhi fizikia ndiyo iliyobaki.

Mwalimu mratibu aliipokea fomu, akapitisha kidole juu ya ule mchubuko.

“Hapa palikuwa na nini?”

“Sanaa, mwalimu.”

Hakunisifu, wala hakunipa pole. Alifungua daftari lake kwenye ukurasa wa ubunifu, shughuli na huduma, kazi za nje ya darasa ambazo kila mwanafunzi wa diploma lazima azifanye kwa walau miezi 18. Akaandika jina langu, na mbele yake, chini ya ubunifu, neno moja: kuchora.

“Hilo halina alama,” akasema. “Lakini nitakudai.”