Kangaja wangu na zile siku 76

Shangazi alipokuja mara ya kwanza alisimama mbele ya tangi langu la samaki akaangalia weee, kisha akaniuliza, "Huyu si kangaja huyu? Wamfuga, kwani nyumba hii haina chungu?"

Na hakukosea, hapa Mombasa kangaja ni kitoweo tu, tena wengi wanaona bora changu. Lakini huyu wangu ni yule wa buluu, uso mweusi, koo jeupe, pezi la mgongoni manjano kama embe, ng'ambo wanamwita pauda bluu tang na wanamnunua kwa pesa ndefu ilhali kwao ni Bahari ya Hindi hii hii yetu. Nikajiambia basi mimi niliye mlangoni kwake nitashindwaje.

Nikashindwa. Wa kwanza nilimpata kwa mvuvi mwenye leseni ya samaki wa mapambo, nikamfikisha nyumbani nikamtia moja kwa moja kwenye tangi la lita 500, karantini niliona ni mambo ya watu wenye nafasi. Siku ya tano nikaona vidoti vyeupe kwenye mapezi, kama mtu amemnyunyizia chumvi ya mezani, anajisugua kwenye mawe, anahema mbio. Baada ya siku mbili tatu vidoti vikapotea, nami nikapiga picha nikawatumia watu kwenye WhatsApp, jamani amepona! Kumbe wapi. Kile kidudu (cha kitabuni kinaitwa Cryptocaryon irritans) kikishashiba kinajiangusha chenyewe kwenye mchanga, kinajifunga ganda, humo ndani kinagawanyika weee, halafu vinatoka vitoto kwa mamia na vyote vinamtafuta samaki yule yule. Baharini wengi wangemkosa, maji ni mengi na yeye haketi mahali pamoja, ila kwenye boksi la kioo watamkosa wapi? Duru ya pili ikamuingia kwenye matamvua na wiki ya tatu nikamtoa amekufa.

Sasa dawa yake ni ya shaba, na shaba inaua kamba na konokono, kwa hivyo huwezi kuimwaga kwenye tangi kubwa. Ikabidi tangi likae bila samaki hata mmoja siku 76, ndiyo hesabu wafugaji wengi wanaifuata, ili vidudu vikianguliwa vikose wa kumla vife vyenyewe. Siku 76 naangalia mawe na konokono huku wageni wakiniuliza kama haya ni maji ya udhu. Kangaja wa pili akakaa pembeni kwenye beseni la plastiki siku 30 ndani ya dawa, kila jioni napima, maana shaba ikizidi inamuua yeye na ikipungua haiui kidudu.

Kumhamisha ndiko kulikonifunza adabu. Hapo mkiani, kila upande, ana kisu kimelala ndani ya ala yake, ukimuudhi anakitoa, nami nilimkamata na wavu, kisu kikanasa kwenye nyuzi, nikaingiza mkono nimnasue... mstari mmoja mwembamba kwenye kidole gumba, ulivuta hadi usiku. Siku hizi namfukuzia ndani ya bakuli la plastiki, wavu sigusi.

Maji nachota wakati wa bamvua bahari ikijaa, mitungi 25 ya lita 20 kwa tuktuk, nachuja kwa kipande cha leso. Kaskazi likija joto la tangi linagonga 31, naelekeza feni juu ya maji linashuka digrii mbili tatu, ila maji yanakauka haraka na mimi kwa ujinga wangu nilikuwa naongeza ya bahari! Chumvi haikauki, inabaki, kwa hivyo unaongeza maji yasiyo na chumvi tu, nayo yasiwe ya kisima maana visima vingi vya hapa vyenyewe ni chumvi. Mimi natumia ya kununua. Stima ikipotea kuna kipampu cha hewa cha betri, kangaja hana subira na maji yaliyosimama.

Chakula ni mwani kutwa nzima, yeye ni kama mbuzi. Nilimletea mwani mkavu wa Kibuyuni kule Kwale nikauloweka kwenye maji, akaonja akatema, anataka zile karatasi za mwani za kufungia sushi za supamaketi ambazo bei yake shangazi sijamwambia. Nabana kipande kwenye kioo na kibanio cha nguo, kinaisha kabla sijamaliza chai.

Ameshakuwa mnene. Shangazi alipita Ijumaa, akainama mpaka pua ikagusa kioo, akaniuliza kama ameshafika nusu kilo.