Kanamai kwa maji ya bamvua: nungunungu wa bahari wa mashimoni

Kutoka Mombasa tulipanda matatu ya Kilifi, tukashuka Kanamai, mbele kidogo ya Mtwapa. Safari ya mwambani hupangwa kwa mwezi. Tulichagua siku ya pili baada ya mwezi mpevu, maji ya bamvua, ambapo pwani hii hukupwa sana mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Tuliingia saa tatu, tukiyafuata maji yakitoka. Anayechelewa hana muda wa kutazama, na maji yakianza kujaa, njia zenye kina zilizo nyuma yake ndizo hufunikwa kwanza. Miguuni raba za soli nene. Ndara huchomoka mguuni kwenye mawe.

Tuliyemfuata ni Echinometra mathaei, nungunungu mdogo wa bahari, gamba lake aghalabu sentimita 3 hadi 5. Rangi isikudanganye: yuko mweusi, wa zambarau, wa kijani, wa kahawia. Tazama shina la mwiba, pana pete nyeupe.

Huyu hapa, ndani ya shimo alilolichimba mwenyewe kwa miiba na meno yake matano, ambayo huota kila yanapolika. Tulimgusa kwa kijiti. Miiba ikajikaza kwenye kuta za shimo papo hapo. Kumtoa mzima ni mpaka uvunje jiwe, na jiwe hilo ni matumbawe, basi mwache. Kipande cha mwani kilichokuwa kikielea kikanaswa, kikapokezanwa mwiba kwa mwiba hadi mdomoni. Mwenzake akilisogelea shimo, husukumana na kuumana.

Kinachotia uchungu ni wingi wao mahali walipo nje ya mashimo, mchana kweupe. Mlaji wao mkuu ni kikande mwenye mistari ya rangi ya chungwa, samaki anayenasa upesi kwenye mtego wa dema na ndoano. Kikande akiisha, nungunungu huzaana, hutoka kulisha waziwazi, na kila wanapokwangua mwani hukwangua na mwamba, wakampokonya samaki pono malisho. Katika hifadhi ya taifa ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, uvuvi umekatazwa, vikande wapo, na nungunungu ni wachache waliojibana nyufani.

Ukichomwa, ng'oa kwa kibanio miiba iliyochomoza tu. Usichimbue iliyokatikia ndani. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoyavumilia, dakika 30 au zaidi. Mwiba ulio karibu na kiungo ni wa kupelekwa hospitali.

Saa tano kasorobo maji yalisimama. Tukarudisha kila jiwe tulilolipindua, upande wake uleule wa juu, tukageuka.