Stesheni ya Mackinnon Road, Niliyoikuta Imefungwa

Malindi haijapata kuwa na reli, na bado wazee wa Shela huizungumzia treni kana kwamba ilipita uani kwao. Zamani aliyekwenda Nairobi alipanda basi hadi Mombasa, akivuka Kilifi kwa feri, kwani daraja lilifunguliwa mwaka 1991, kisha akapanda treni ya usiku; na mama zetu hawakukubali kulala kabla ya kuipita Mackinnon Road, stesheni iliyo kati ya Mombasa na Voi yenye kaburi linalozuriwa, na kusoma Fatiha.

Niliporudi kutoka Muscat nilishuka pwani kwa basi, makusudi niione stesheni hiyo. Treni ya abiria ya reli ya zamani ilikoma mwaka 2017 ilipoanza reli mpya, ambayo stesheni zake za upande huu ni Mariakani, Miasenyi na Voi. Mackinnon Road imerukwa. Nilikuta milango imefungwa, majani yameota kati ya mataruma ya njia ya pembeni, na mbuzi wamejilalia kivulini walikokaa wasafiri.

Jina ni la William Mackinnon, mwenyekiti wa Kampuni ya Imperial British East Africa, ambaye barabara yake ya mikokoteni iliitangulia reli. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukaikata nyika ya Taru isiyo na maji kwa mikono ya vibarua waliotoka Bara Hindi. Mmoja wao, mnyapara Seyyid Baghali Shah, amezikwa kando ya njia, na msikiti umejengwa kaburini pake. Husimuliwa kwamba karai lake la zege lilielea juu ya kichwa bila kukigusa. Mimi ni mzito wa kusadiki hayo, lakini nilivua viatu kama wengine.

Barazani hutasikia kwamba baada ya Vita vya Pili Waingereza walianza kujenga hapo bohari kubwa la kijeshi, wakaliacha, na kwamba katika miaka ya 1950 pakawa kambi ya mahabusu wa Mau Mau. Ingefaa yaandikwe ukutani pa stesheni, kwa kuwa anayesimama leo husimama kwa ajili ya kaburi tu.

Shangazi yangu ameniagiza nimpeleke ziara Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Tutakwenda kwa basi; hataki kusikia habari za treni isiyosimama kwa Baghali Shah.