Springi fupi au koilova? Mimi naanza na shokapu

Mtu akiniuliza ashushe gari lake la kila siku kwa springi fupi au kwa koilova (springi na shokapu zilizoungana, ambazo kimo chake unakirekebisha), namuuliza kwanza shokapu zake zina hali gani. Wengi huanza na springi kwa kuwa matokeo yake yanaonekana: gari linakaa chini, na ule uwazi kati ya tairi na fenda unapotea. Ila shokapu ndiyo itakayoamua kama utalifurahia hilo gari au utalichoka.

Springi inabeba uzito. Ikibonyezwa na kuachiwa, itaruka na kuruka mpaka itulie yenyewe, na kazi ya shokapu ni kuukatiza mruko huo mapema. Kiwandani viwili hivyo vimepimwa viende pamoja. Springi fupi za magari ya barabarani kwa kawaida hushusha milimita 25 hadi 40, na huwa ngumu kuliko zile za awali, kwa sababu gurudumu limebakiwa na nafasi ndogo ya kupanda. Chukua mfano wa gari lenye milimita 70 kabla shokapu haijagonga raba yake ya kuzuia. Lishushe 35, umebaki na nusu. Springi ingetakiwa kuwa ngumu mara nne ili imeze pigo lilelile ndani ya nusu hiyo, na springi ya namna hiyo haikaliki kwenye gari la kwenda kazini. Basi raba inagongwa mara kwa mara. Kile kishindo kinachowafikia abiria wa nyuma mgongoni, ambacho watu hukilaumu kwa springi, mara nyingi ni raba hiyo.

Ndiyo maana sipendi kabisa kuona springi mpya zikifungwa juu ya shokapu zilizochoka. Shokapu ambayo tayari ilikuwa inashindwa kuituliza springi laini itaiwezaje iliyo ngumu? Gari litarukaruka kwenye kona yenye mabonde, na tairi linaloruka halishiki barabara. Langu limeshuka milimita 30, kwa springi na shokapu fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya kimo hicho. Ningeshauri hivyo kwa karibu kila mtu anayetaka gari lipendeze, likate kona vizuri, na bado libebe familia.

Kukata springi kwa grainda nalikataa moja kwa moja. Ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kiti chake, na gurudumu likining'inia springi inaweza kulegea na kuhama.

Koilova ni kitu kizuri, na nazipenda kwa dhati zikiwa mikononi mwa mtu anayezihitaji. Mwili wa shokapu una nyuzi kama za bolti, na springi inakalia ringi unayoizungusha kupata kimo unachotaka. Kuna aina ambayo ukizungusha ringi ya springi ndipo kimo kinabadilika, na hapo kila unaposhusha unakula safari ya shokapu, yaani nafasi yake ya kubonyea. Aina nyingine ina kikombe cha chini kinachozungushwa peke yake, kwa hiyo gari linashuka na safari ya shokapu inabaki palepale. Ukinunua, uliza hilo kabla ya kuuliza rangi. Nyingi zina pia kitufe cha kurekebisha ukali wa shokapu kwa mibofyo: unakifunga mpaka mwisho, kisha unarudi ukihesabu, kushoto na kulia idadi sawa.

Sasa, nani anabadilisha kimo tena baada ya wiki ya kwanza? Anayekimbia kwenye njia za mashindano mwishoni mwa wiki, ndiyo. Anayebadilisha rimu za upana tofauti, labda. Wengine wote wanaweka mara moja na kusahau, halafu mchanga na chumvi vinaingia kwenye nyuzi na ringi zinaganda. Koilova zinataka kusafishwa kwa brashi na kukaguliwa ringi kama zimekaza. Na zile za bei ya chini kabisa, nilizopanda kwenye magari ya watu, zilikuwa ngumu bila kutuliza chochote, huku viungo vyake vya chuma vya juu vikigongagonga ndani ya gari. Kwa pesa hiyohiyo seti nzuri ya springi na shokapu inazishinda mbali.

Uchague lipi, usimruhusu fundi akaze bolti za mikono ya chini, ile inayoshikilia gurudumu, gari likiwa juu ya jeki. Bushi za mpira hujipinda kufuata mahali zilipokazwa. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, gari likishushwa zinabaki zimenyongwa na zitachanika mapema. Zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Kisha liendeshe siku chache springi zikae, ndipo upime alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu. Magurudumu ya gari lililoshushwa huegemea kidogo kwa ndani upande wa juu, na hilo peke yake tairi hulivumilia. Kinacholimaliza haraka ni magurudumu kutazama ndani au nje badala ya mbele. Na kama umeshusha mbele na nyuma kwa vipimo tofauti, taa za mbele nazo zirekebishwe, maana mwanga utakuwa umehama na kumulika machoni mwa wanaokuja au ardhini karibu mno.