Tangu Kupakua Hadi Kufunika

Binamu yangu hupiga picha za harusi Mombasa. Aliponunua kamera mpya, ile ya zamani alinipa mimi pamoja na lenzi yake ya milimita 50, kwa kuwa alijua ni siku nyingi natamani kujifunza kupiga picha za chakula. Tamaa hiyo ilitokana na uchungu. Mbaazi za nazi, muhogo wa nazi, samaki wa kupaka, vitu ambavyo mtu akivionja hapa Lamu havimtoki moyoni, kila nilipoviona pichani vilikuwa vya kijivu. Vimepigwa usiku chini ya taa ya dari, sahani inang'aa, chakula kimezama gizani. Picha za kumtia mtu mate kinywani zilikuwa za vyakula vya watu wengine.

Hamu nilikuwa nayo, nafasi ndiyo iliyokosekana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Asubuhi ni shule, mchana ni madaftari, jioni watoto wakirudi kutoka chuo cha Kurani ni lazima wakute chakula kiko tayari. Masomo ya binamu nilikuwa nikiyapokea kwa sauti kwenye simu, nikiyasikiliza Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, huku nikipisha punda wenye mizigo ya mawe na saruji. Somo la kwanza lilikuwa fupi: "Zima taa, tafuta dirisha." Mwanga wa taa na mwanga wa jua havina rangi moja, aliniambia, na vikikutana juu ya sahani ya wali, upande mmoja unakuwa manjano na upande wa pili samawati. Somo la pili lilinishangaza zaidi. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake ni cha rangi ya kati, baina ya nyeupe na nyeusi, kwa hiyo wali mweupe juu ya sahani nyeupe huushusha ukawa kama majivu. Mpigaji ndiye anayepaswa kuiongezea mwanga ili weupe uwe weupe. Ndiyo sababu wali wetu ulikuwa ukitoka mchafu kwenye picha zote zile!

Lakini dirisha na mwanga vina saa zake. Lamu iko nyuzi mbili tu na kidogo kusini mwa Ikweta. Jua letu huchomoza na kuchwa karibu saa zile zile mwaka mzima, na likianza kushuka halikawii. Hatuna zile jioni ndefu za Ulaya ambazo mtu hutoka kazini akapata saa nzima za mwanga laini. Mwanga mzuri wa asubuhi ulinikuta nimesimama mbele ya wanafunzi, na ule wa jioni ulinikuta nimeinama juu ya makaa. Nikawa najiambia nitaanza likizo ikifika. Likizo ikifika, wageni nao wamefika.

Ramadhani ya mwaka 2024 iliingia katikati ya mwezi Machi, muhula wa kwanza ukiendelea. Ukoo wetu hufuturu pamoja kwa shangazi yangu, mtaa wa Mkomani, kwenye nyumba ya mawe ya wazee wetu. Nikitoka shule nilikuwa nikienda moja kwa moja kumsaidia, binti yangu mkubwa akinifuata. Meko iko juu, chini ya paa la makuti, na sinia huandaliwa chini kwenye kiwanda, yaani ule ua wa ndani ulio wazi juu.

Kiwanda kile nimekichezea tangu utotoni, lakini mwezi ule nilikitazama kwa namna nyingine. Siku zile za katikati ya Machi jua hupita utosini kabisa. Saa sita na ushei mchana lilikuwa likishuka wima mpaka sakafuni, kali, hakuna pa kuweka sahani. Alasiri ikiingia, mambo yanageuka. Jua limeinama magharibi, sakafu yote iko kivulini, lakini sehemu ya juu ya ukuta wa mashariki bado inawaka. Ukuta ule umepakwa chokaa, mweupe, mpana. Unaupokea mwanga na kuumwaga chini, umeshapoa, umeshalainika, unatoka upande mmoja na juu kidogo. Ukiweka bakuli pale, kivuli chake hakina ukingo mkali, kinayeyuka polepole sakafuni. Wapigaji picha wa mijini hununua vitambaa na mabati ya kurudisha mwanga ili wapate kile ambacho mafundi wetu walikijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa.

Nilimwambia shangazi kwamba ningependa kupiga picha futari yake. Alikuwa akichuja tui. Hakuinua kichwa.

"Mwanangu, chakula ni kufunikwa. Wewe wataka kukianika?"

Mtu asiyejua kwetu anaweza kudhani ni ushirikina wa kuogopa jicho. Jicho limo, sikatai, lakini kwa shangazi jambo lilikuwa zaidi ya hapo. Nyumbani kwake chakula kikishapakuliwa hufunikwa kawa la ukindu, na sahani za majirani hutoka mlangoni zimefunikwa, mtoto anayebeba anaambiwa asisimame njiani. "Kuna mwenye futari na asiye nayo," akasema, "na wote wana mato." Mato kwetu ni macho.

Sikumbishia, kwa kuwa aliyosema ni kweli na mimi mwenyewe ndivyo nilivyolelewa. Nilikaa nikamenya vitunguu thomu, nikafikiri. Kisha nikamwambia, "Shangazi, nipe baina ya kupakua na kufunika. Hapo tu. Na picha haitoki nje ya jamaa zetu."

"Hapo ni padogo."

"Padogo pananitosha."

Akachuja tui mpaka likaisha, ndipo akaniwekea masharti. Chakula cha jirani kisichelewe kwa ajili yangu. Na chochote nitakachokipiga picha kiliwe. Sharti hili la pili nililipokea kwa mikono miwili, maana nilikuwa nimeshasoma mambo ambayo watu hufanya kwa ajili ya picha. Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya supu ya Campbell iliingia matatani na serikali kwa kutia gololi za kioo ndani ya bakuli ili mboga zisizame, zionekane tele kwenye tangazo. Mtu hali gololi. Chakula ambacho hakuna atakayekila hakinihusu, hata kingekuwa kizuri vipi.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, na usiku wa Ijumaa shangazi hupika kwa heshima. Kulikuwa na samaki wa kupaka, mkate wa mofa, tambi za sukari na kaimati. Nilikuwa nimeomba samaki.

Muda wa baina ya kupakua na kufunika, kwa shangazi, ni muda wa mtu kumaliza kutia udi kwenye chetezo, si zaidi. Hapo ndipo nilipojua kwamba kazi yangu yote lazima iwe imekwisha kabla ya samaki kushuka. Wakati tui linachemka juu, mimi nilikuwa chini na sahani tupu. Nimeiweka mahali pake kwenye mkeka, juu yake nimelaza kifuu cha nazi badala ya samaki, ninapima. Vyumba vya nyumba zetu ni vyembamba, upana wake hauzidi urefu wa boriti za mkoko zinazobeba dari, na lenzi yangu hutaka mtu arudi nyuma. Ndani nisingeweza. Kiwandani niliweza, maana ngazi ya kupandia juu inaanzia pale pale. Nikakaa daraja ya tatu, viwiko nimevikaza magotini ili kamera isitikisike, sinia liko chini yangu kwa mshazari. Nyuma ya sahani niliweka kiti, nikakitundikia buibui langu jeusi, kwa sababu mvuke hauonekani mpaka upate mwanga wa nyuma au wa ubavuni na giza la kuuchora. Upande usio na mwanga alikaa binti yangu ameshika karatasi nyeupe ya manila niliyotoka nayo shule, ili kile kivuli cha karibu kisiwe kizito sana. Akiisogeza, mbavu za kifuu zinafunguka. Akiiondoa, zinafunga. "Mama, kumbe mwanga waweza kuusukuma!" akasema.

Juu, shangazi alikuwa akipaka. Samaki alikuwa changu mkubwa, amepasuliwa ubavuni, ameshachomwa akakauka. Tui lilikuwa limepikwa na pilipili, kitunguu thomu, bizari na ukwaju mpaka likawa zito la kushika mwiko. Alipaka upande mmoja, akageuza, akapaka wa pili, akarudia. Harufu ya tui linapodondokea makaa ilishuka ngazini, na sisi sote tumefunga. Shangazi haonji hata kwa ncha ya ulimi. Hupika kwa pua.

"Haya, apakuliwa!"

Nilishusha kifuu, samaki akalala mahali pake. Mwanga wa ukutani ulimwangukia mgongoni, na yale mafuta ya tui yakaonyesha kila mahali mwiko ulipopita. Nilikuwa nimejiandaa kuona picha nzuri. Sikujiandaa kuona kazi ya mkono wa shangazi yangu imeandikwa pale juu, mpako kwa mpako, jambo ambalo nimelila miaka yote bila kuliona. Mvuke ukapanda mbele ya buibui. Nikapiga. Nikafungua tundu la lenzi kidogo ili kichwa na mkia vilainike na macho yatulie kwenye ubavu, nikapiga tena. Tui lilikuwa limeanza kutanda ngozi nyembamba juu, na binamu alikuwa ameniambia kwamba chakula cha tui hufa haraka kuliko vyote.

"Wafunika?" shangazi akauliza kutoka darajani nyuma yangu. Alikuwa ameshika kawa.

"Nafunika, Shangazi."

Nikafunika kwa mkono wangu mwenyewe. Kipande cha jirani mzee wa mlango wa pili kilikwisha kutengwa kwenye bakuli, mwanangu wa kiume akatoka nacho kabla azana haijakaribia. Kamera nikaiweka kidakani, kile kishubaka cha ukutani, juu, mbali na shira ya kaimati. Magharibi ikaadhiniwa, tukala tende, tukasali, tukarudi kwenye sinia. Samaki aliliwa mpaka mifupa.

Nimefikiri sana baadaye kwa nini jioni ile ilifaulu baada ya miezi mingi ya kutofanya chochote. Nilikuwa nikiomba muda mrefu, muda wangu peke yangu, nyumba iwe tulivu na watoto wamelala. Nisingeupata, na ningeupata ungekuwa usiku, usio na mwanga. Nilichopewa kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa na mahali pake kwenye siku, na kila mtu nyumbani alikijua. Binti yangu alijua kwamba ukisikia tui linachemka, manila iteremshwe. Shangazi alijua asipakue mpaka aniite. Hakuna aliyeniuliza kwa nini napoteza wakati, kwa kuwa wakati huo ulikuwa umeshahesabiwa ndani ya kazi ya wote, kama ule wa kukuna nazi.

Baada ya tarawehe shangazi aliitaka kamera. Nikamwonyesha kwenye kioo chake kidogo, nikamkuzia. Alivaa miwani, akatazama kimya kwa muda, nami nikingoja aseme ni nzuri.

"Hapa mkiani pamekauka," akasema. "Makaa yalikuwa mengi upande huu. Na hapa, waona? Sikurudia kupaka." Akasogeza kidole mpaka mgongoni. "Hapa ndipo."

Alikuwa akiisoma picha kama mpishi, na kwangu hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko neno zuri. Picha ilikuwa ya kweli kiasi cha kumwonyesha makaa yake. Akaniambia nimtumie bintiye, aliyeolewa Maskati, ambaye siku zote hulalamika kwamba samaki wake hapakiki, tui linamteleza. Nikahamisha picha kwenye simu, nikaituma, naye akajibu usiku ule ule. Alitaka kujua ukwaju ni kiasi gani.

"Mwambie kiasi hiki," shangazi akasema, akakunjua kiganja chake mbele yangu, vidole vimepinda kidogo, kana kwamba huyo mtoto wa Maskati angeweza kukiona.

Ijumaa nilikwenda mapema, tui halijatiwa motoni bado. Shangazi alikuwa amekwisha kulikunja buibui langu juu ya kiti, sahani iko kwenye mkeka, naye amekaa upande wa ukuta wa chokaa na donge la ukwaju mkononi. "Ndoo upige," akaniambia, yaani njoo, "na vidole vionekane, ajue pa kukomea."